Chupa Iliyovikwa Kaniki

Vidole vya Zuleikha vilimponza mtaani kabla ya jambo lolote lingine. Vilikuwa na madoa meusi, ya kucha na ya ngozi, na pale Kisauni mwanamke mwenye vidole vya namna ile hasazwi. Mmoja alisema binti wa watu anaosha injini za magari. Mwingine akasema anapaka maharusi piko, ile rangi nyeusi ya maua, na kazi yenyewe haijui. Na majirani wa karibu, Mungu awasamehe, wakasema mtu hafiki umri ule bila mume ila ana lake. Zuleikha aliwaacha waseme, maana kuwaeleza kungekuwa kazi ya kutwa.

Lile doa lilikuwa fedha. Fedha hasa, hii ya pete na mikufu, ila ilikuwa imegeuzwa chumvi nyeupe ambayo ukiitia majini huioni tena. Tone lake likikuangukia kidoleni asubuhi, huoni kitu. Unanawa, unajifuta, unajiona umesalimika. Halafu mchana unatoka kwenda kununua viazi karai, jua linakupiga, na kabla hujamfikia muuzaji kidole kimeshakuwa cheusi. Jua ndilo linaloitoa. Ukikaa ndani, nayo imetulia tu. Basi unangoja ngozi ibambuke yenyewe, hakuna sabuni wala ndimu itakayokusaidia.

Alikuwa amesomea kemia, akapata kazi kwenye karakana moja ya vichujio huko huko Kisauni. Mafundi walifinyanga mitungi ya udongo, wakaichoma, kisha kila mtungi ukapakwa fedha kwa ndani ili maji ya kisima yakipita vijidudu vife. Kutengeneza hiyo fedha ya kupaka ilikuwa kazi ya watu wawili, Zuleikha na Winfred, msichana wa Rabai mwenye kicheko cha kusikika barabarani.

Na ilikuwa kazi ya kumtoa mtu roho. Unaitia ile chumvi ya fedha kwenye maji safi yaliyotokana na mvuke, unayachemsha, kisha unadondosha sitreti, ambayo ni ndugu yake asidi ya ndimu, tone kwa tone, huku sumaku ndogo ikizunguka chini ya chupa. Mwanzo hakuna kitu. Maji tu. Asiye na subira atadhani amekosea. Mara unaona manjano kwa mbali, kama macho yanakudanganya, halafu yanakolea, yanakolea, mpaka chupa nzima ina rangi ya zafarani. Hapo fedha imekuwa chembe ndogo mno, ndogo hata huwezi kuzifikiria, na kila chembe imekaa mbali na mwenzake. Zikishikana tu, manjano yanakufa, yanakuwa kijivu, na kazi yote unaimwaga. Na kinachozishikanisha upesi kuliko vyote ni chumvi ya kawaida, hii ya jikoni. Sasa fikiria kazi ya namna hiyo ifanywe Kisauni, ambako mgeni akionja chai huuliza nani aliyekosea akatia chumvi badala ya sukari. Maji ya kisima, na hata ya bomba yanayotoka kisimani humo humo, hayakuruhusiwa kuikaribia ile meza.

Ila pale karakana umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, friji lao lilikuwa limeshakufa, na banda la mabati saa saba mchana ni tanuri. Chupa za fedha kali zikilala pale zinaharibika. Basi Zuleikha akawa anazibeba jioni kwenda kuzilaza kwenye friji la kwao, rafu ya juu kabisa, kila chupa ameivika kipande cha kaniki nyeusi ili mwanga usiiguse. Mkubwa wa karakana hakutaka kitu kitoke nje ya lango, kwa hivyo ilikuwa siri.

Mama yake, Bi Nadira, aliuliza mara moja tu. "Nini hiki, mwanangu, ulichokivika nguo?"

"Dawa, mama. Usiiguse, tafadhali. Na usimwambie mtu."

Akaenda zake kuoga. Maneno yale machache, wallahi, laiti angeyaongeza matano tu.

Maana katika nyumba ile kulikuwa na kitu kingine cha rangi ya zafarani. Mdogo wake Zuleikha, Waridi, alikuwa ameposwa mara mbili, na mara mbili watu wakarudi nyuma bila sababu ya maana. Wa kwanza alisema mamake amekataa. Wa pili hakusema kitu, alizima simu. Waridi alilia mpaka akakauka, na Bi Nadira akaenda kwa Maalim Ismail kumwandikia binti yake kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, yale maji yakatiwa chupani, na Waridi akawa anakunywa kila akiamka. Ili nyota yake ing'are. Ili uso wake uwe na nuru mbele za watu. Zuleikha hakuwa na neno juu ya hilo. Yeye mwenyewe alikunywa kombe siku za mitihani, na akapasi.

Na nyota ikang'ara kweli. Baada ya Maulidi akaja Najib, kijana wa Likoni, karani wa mizigo kule Kipevu, mtoto wa watu wenye minazi na mihogo yao ya tangu mababu. Alimwona Waridi mara moja, akatuma wazee juma lile lile. Bi Nadira alipiga vigelegele peke yake jikoni. Harusi ikapangwa Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani, na Rajabu ilipoandama Waridi akawekwa ndani kama desturi. Hakutoka hata uani. Kila siku alisuguliwa kwa singo ya mawaridi na liwa, akafukizwa udi, mapazia yakashushwa. Ngozi yake ikawa laini na nyeupe kama kiini cha dafu. Shangazi waliokuja kumtazama walikuwa wakisema mashallah huku wakimgusa shavu, na Zuleikha naye alimwonea fahari. Alimpenda sana mdogo wake, hilo lisisahaulike.

Siku zile zile mambo ya karakana yakaanza kwenda kombo. Zuleikha anafungua chupa aliyoileta ya manjano safi, anakuta kijivu. Takataka zimetuama chini. Anatengeneza upya, inaharibika upya. Akamgeukia Winfred.

"Winfred, unasuuzia chupa zangu maji ya bomba."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Maji ya chumvi yameingia humu. Hata kipofu ataona."

"Zuleikha, mimi si mwendawazimu," Winfred akasema, na mara hiyo hakucheka. "Chupa zangu zinatumika hapa hapa siku ile ile, hazina neno. Zako ndizo zinazokwenda kutembea."

Zuleikha alitaka kumjibu ovyo, kisha akazikumbuka chupa moja moja. Kweli. Zilizokuwa zikiharibika zilikuwa zile zilizolala kwao. Jioni ile akarudi na chupa ndogo tupu, akakinga maji ya bomba la jikoni kwao, na asubuhi akadondosha matone yake kwenye fedha iliyokuwa manjano barabara. Akatazama. Manjano yakachoka mbele ya macho yake, yakawa kijivu, yakawa taka.

Kuna mtu alikuwa akitoa fedha chupani, na ili asijulikane akijazia maji. Zuleikha hakumaliza kazi siku ile. Alivua koti jeupe akatoka mbio.

Bi Nadira alikuwa barazani akichambua mchele wa biriani ya harusi. Ndani, nyuma ya pazia, Waridi alikuwa akijiimbia.

"Mama, nani anatia maji kwenye chupa zangu?"

Mkono wa Bi Nadira ukasimama juu ya ungo. "Chupa zipi?"

"Mama!"

"Punguza sauti, mwari atasikia." Bi Nadira akaweka ungo chini. Alikuwa na haya, haya ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. "Nilijua utajua. Usinikasirikie. Ulikwenda kutengenezewa kombe ukaona aibu kuniambia. Mimi mama yako, utanificha nini? Nilipoona umelivika kaniki nikajua hili si la Maalim Ismail, hili ni la fundi mkubwa, pengine wa Pemba. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, naye anaitafuta nyota yake."

Bi Nadira akaokota punje ya mchele, akaendelea.

"Lakini wewe una elimu, mwanangu. Una kazi. Huyu mwenzio ana nini? Nikawa nampunguzia kidogo. Kikombe cha kahawa, baada ya alfajiri, na Bismillahi juu yake. Na si umeona? Haukupita mwezi akaja Najib."

"Tangu lini?"

"Tangu Maulidi. Maji nimeanza kujazia juzi juzi tu, nilipoona chupa zinaonyesha kupungua."

Zuleikha akakaa chini, pale pale sakafuni. Vitu viwili vilimchoma kwa pamoja na hakujua kipi kilikuwa kikali zaidi. Cha kwanza ni kwamba mamake aliamini ile ni bahati yake, bahati ya Zuleikha, akaichota bila kusita akampa mwingine. Cha pili ni hesabu ya vikombe.

"Mama, ile si kombe. Ile ni fedha."

"Fedha gani?"

"Fedha ya pete. Fedha ya mkufu wako. Ninaipaka kwenye mitungi." Akanyoosha vidole vyake vyeusi mbele ya uso wa mamake. "Unaona? Tone moja. Huyu amekunywa vikombe. Imeingia kwenye damu, ikaenda ikakaa chini ya ngozi, mwili mzima. Na kule chini haibambuki, mama. Haitoki tena."

"Mbona ameng'ara? Mtu amekunywa sumu anang'ara vile?"

"Kwa sababu hajaliona jua. Yuko ndani. Na kabla ya hapo kila akitoka alivaa ninja, uso umefunikwa. Siku jua likimpiga usoni, itatoka."

Bi Nadira alivitazama tena vile vidole. Halafu akasema polepole, "Kwa hivyo nimempaka mwanangu piko kwa ndani."

Mama akamshika Zuleikha mkono kwa nguvu ambayo hakujua kama mwanamke yule anayo.

"Usimwambie. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Ukimwambia atamwambia Najib, si unamjua hana siri. Na Najib akijua ataondoka, na huyu ni wa tatu. Wa tatu, Zuleikha! Nani atakuja tena? Acha harusi ipite. Pengine hakunywa nyingi. Pengine haitatoka."

"Pengine," akasema Zuleikha.

Tazama mtu huyo. Amesoma miaka yote ile, anajua chembe zinavyokaa na zinavyoharibika, amehesabu vikombe kichwani na jibu analo, kisha anashika neno "pengine" kama mtoto anavyoshika kanga ya mamake. Alimwaga chupa zote zilizokuwa kwenye friji, akahakikisha Waridi hanywi tena. Hilo alilifanya. Zaidi ya hilo hakufanya. Na tukisema kweli yote, ndani ya kimya kile kulikuwa na punje ya uchungu: wamechota kilicho changu, basi wajionee. Punje ndogo. Lakini ilikuwapo, na yeye aliijua.

Harusi ilifana. Waridi alipotolewa mbele ya wanawake, amevaa nguo ya kijani na kilemba cha asumini, ukumbi mzima ulinyamaza kwanza ndipo vigelegele vikapanda. Alikuwa mzuri wa kutisha. Wanawake wa Likoni walikuwa wakinyoosha shingo, wakiulizana huyu alisuguliwa na nani. Bi Nadira alicheka na kulia.

Wakati wa kumkabidhi, Waridi aliinama kwenye dirisha la gari akamkumbatia dada yake. Alinukia udi, na matone ya marashi yalimtiririka shingoni.

"Dada, mbona umenuna? Nitakuja kila juma, inshallah."

"Waridi," Zuleikha akaanza. "Huko uendako..."

Mkono wa Bi Nadira ukamshika kiwiko kwa nyuma.

"Huko nini?"

"Huko uwe na heshima," akasema Zuleikha, na gari likaondoka kuelekea feri.

Sasa, watu wa kwao Najib ni wakulima. Fungate ilipokwisha mama mkwe alimchukua mwari shambani, kwa mapenzi tu, amzoeze. Kule wanawake hawalimi na ninja. Wanajifunga leso kifuani na nyingine kichwani, uso wazi, wanapanda mihogo, wanafua dafu, wanapiga soga. Waridi alifurahi kama ndege aliyefunguliwa tundu. Alipiga simu akisema, "Dada, jua la huku tamu! Nimekuwa mweusi kidogo, utanicheka." Zuleikha akacheka naye kwenye simu, kisha akaketi akivisugua vidole vyake vyeusi.

Baadaye simu zikapungua. Kisha zikakoma. Bi Nadira akawa anasema, ndiyo ndoa ilivyo, mwanamke akipendwa husahau kwao. Alilisema hilo mara nyingi mno.

Alikuja mchana mmoja wa Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, karakana, si nyumbani. Winfred alimleta mpaka mlango wa maabara. "Kuna mtu wako," akasema, akajitenga. Mwanamke alikuwa ndani ya buibui na ninja, na glavu nyeusi mikononi. Zuleikha alimjua kwa mwendo. Alikuwa anachemsha fedha wakati ule. Chupa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa manjano.

Waridi akaufunga mlango, akavua glavu, kisha akainua ninja.

Uso ulikuwa wa kijivu. Si weusi wa jua, si upele, si manjano ya ini. Kijivu chenye samawati ndani yake, kama jivu la mkaa lililomwagiwa maji, kuanzia kwenye paji la uso mpaka pale leso ilipokuwa ikifungwa kifuani. Kucha vilevile. Hata weupe wa macho ulikuwa umeingiwa na wingu. Na Zuleikha aliijua rangi ile. Ndiyo ileile iliyokuwa ikibaki chupani kazi ikiharibika.

"Hospitali wamenipima moyo, wakasema mzima," Waridi akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, imechoka. "Wamenipima mapafu, mazima. Mama mkwe amenipeleka kwa waganga. Mmoja kasema jini, mwingine kasema nimelishwa kitu. Najib hanitazami. Akizungumza nami anaangalia mlango. Sasa analala Kipevu, eti kazi zimezidi. Wewe dada ulisomea mambo ya dawa na rangi. Niambie nina nini."

Angeweza kusema hajui. Lile neno lilikuwa tayari mdomoni, hakuna ambaye angemshika. Lakini alizima jiko, akamweka Waridi kwenye kigoda, akamweleza. Kombe. Kaniki. Vikombe vya alfajiri. Fedha chini ya ngozi na jua linaloitoa. Alieleza vizuri kama mwalimu, maana alikuwa ameshayasema maneno yale peke yake mara nyingi usiku na mchana, na machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta.

Waridi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alijua lini?"

"Kabla ya harusi."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyemwambia."

Waridi akaitazama mikono yake. Akaigeuza juu, viganja bado vilikuwa vyeupe, akaigeuza tena.

"Mlidhani nitavunja harusi," akasema.

"Mama aliogopa. Na mimi... Waridi, nisamehe. Mimi pia niliogopa."

"Nisingeivunja." Akatikisa kichwa. "Mngeniambia tu nisitoke juani. Basi. Neno moja. Nilikuwa nimeshawekwa ndani, dada, nimeshazoea. Pazia limeshushwa, nakaa, najiimbia. Ningekaa ndani maisha yangu yote, Najib asingejua kitu. Ningemwambia jua linaniumiza kichwa. Ningekaa!"

Zuleikha alipiga magoti akamshika miguu, na Waridi hakumsukuma wala hakumgusa. Walikaa hivyo. Nje mafundi walikuwa wakipanga mitungi, na Winfred akisikika akiwazuia watu wasiingie.

Hatimaye Waridi akajifuta uso kwa ncha ya buibui. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani, limelala sakafuni mpaka karibu na viatu vyake. Akavuta miguu nyuma.

"Niache nikae hapa mpaka jua litue," akasema. "Halafu nitaondoka. Lisinizidishie."

Zuleikha alijua kwamba hakuna haja tena. Fedha ilikuwa imekwisha kutoka, na kukaa kivulini sasa hakungemrudishia hata ukucha mmoja. Alifungua mdomo amwambie. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akashusha pazia.